Marievale: Siku Nzima ya Ndege, Saa Moja Kutoka Johannesburg

Ukimwambia mwenyeji wa Johannesburg kuwa unataka kuona viumbe wa porini, atakutajia Kruger. Kruger ni mwendo wa saa tano kwa gari, na juu yake kuna gharama za kulala. Anayependa ndege hana haja ya kwenda umbali huo. Mashariki ya jiji, ukiipita Springs na kushuka kuelekea Nigel, kuna bonde la mto uitwao Blesbokspruit, na ndani ya bonde hilo iko hifadhi ya ndege ya Marievale. Ni kilomita 70 hivi kutoka katikati ya jiji. Mtu anayeishi Yeoville, Mayfair au Hillbrow anaweza kuondoka alfajiri, akashinda na ndege tangu jua linapochomoza, na jioni akala chakula nyumbani kwake.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kushika darubini, na vilevile wa yule anayewajua ndege wa kwao lakini Johannesburg anaijua kwa kazi na biashara tu. Nina msimamo mmoja, na ushauri wote utakaousoma hapa unatokana nao: mlipe mtu anayewajua ndege wa mahali hapo, chagua mahali pamoja, kisha utulie. Watu wengi huiharibu siku yao kwa kuigawa vipande: bustani asubuhi, bwawa mchana, mlima jioni. Mwisho wa siku wanakuwa wameiona barabara vizuri kuliko walivyowaona ndege.

Uende lini

Miezi mizuri zaidi ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Huo ndio msimu wa mvua katika nyanda hizi za juu. Nyasi zimesimama, madume wamevaa manyoya ya kutafutia majike, na wageni kutoka kaskazini ya dunia wamekwisha kufika. Vitwitwi wanaotaga kwenye matope ya Urusi ya kaskazini huja kukimbia baridi huku, pamoja na mbayuwayu wa Ulaya na kozi wadogo wa Amur ambao nitawaeleza baadaye. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Wengi wa ndege hawa hupita juu ya Kenya na Tanzania wakishuka kusini, na hupita tena mwezi wa tatu na wa nne wakirudi. Mbayuwayu unayemwona Desemba akipiga mbizi juu ya matete ya Marievale huenda alitua kwenye nyaya za umeme za Nakuru au Dodoma wiki chache kabla yako.

Juni hadi Agosti ni majira ya baridi kavu. Jiji liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai utakuta nyasi zimeganda umande mweupe. Wageni wa kaskazini hawapo na madume wengi wamevua mapambo yao. Hata hivyo bata hawakosekani, anga ni safi, na nyasi zikiwa fupi ndege wa ardhini huonekana kwa urahisi. Kama nafasi yako ni hiyo tu, nenda, ila vaa koti zito na glavu.

Kumpata mwongozaji

Mahali pa kuanzia ni BirdLife South Africa, chama cha uhifadhi wa ndege ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1930 na ambacho ofisi zake ziko Dunkeld West, hapohapo Johannesburg. Kwa miaka mingi chama hiki kimewafunza watu wa vijiji na vitongoji kuwa waongozaji wa ndege, ili wapate riziki kutokana na kile wanachokijua. Wapigie au waandikie, waeleze tarehe yako na mahali unapotaka, nao watakuelekeza kwa watu. Ipo pia klabu ya wapenda ndege ya Witwatersrand ambayo hupanga matembezi ya pamoja. Kwa mtu wa mfuko mdogo, kujiunga na matembezi ya klabu ni njia nzuri ya kuonja kabla ya kulipia siku yako mwenyewe.

Afrika Kusini haimruhusu mtu yeyote tu kuongoza watalii kwa malipo. Sheria ya Utalii ya mwaka 2014 inamtaka awe amesajiliwa, na msajili wa jimbo humpa kadi na beji. Omba kuiona kadi bila kuona haya. Mwongozaji wa kweli haudhiki, hufurahi kuwa mgeni wake anajali.

Kisha muulize swali hili, ambalo kwangu mimi linapita mengine yote: mara ya mwisho ulikwenda Marievale lini, na maji yako kiwango gani? Marievale hubadilika kwa maji. Mwaka wa mvua kubwa matope hufunikwa, vitwitwi wakahamia kwingine, na baadhi ya njia za udongo zikawa hazipitiki. Maji yakipungua, kingo za matope hujitokeza na ndege wa miguu mirefu hujaa. Anayewatembelea ndege hawa mara kwa mara atakujibu papo hapo, tena kwa undani: kibanda gani kina matope mbele yake, njia gani imefunikwa. Anayesema tu kwamba pako vizuri siku zote, mshukuru na utafute mwingine.

Kuhusu bei, kubaliana mapema mambo matatu: siku ni ya saa ngapi, gari ni la nani na mafuta analipa nani, na chakula kimo au hakimo. Mimi hupendekeza gari liwe la mwongozaji. Teksi za abiria hazikufikishi kwenye vibanda, na gari la kuitwa kwa simu linaweza kukupeleka asubuhi halafu ukakosa la kukurudisha. Saa ya kukutana iandike kwa tarakimu, 04:30, ili saa zetu na zao zisigongane. Na kama umetua juzi kutoka Nairobi au Dar es Salaam, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Desemba jua huchomoza huku saa kumi na moja na dakika kumi hivi alfajiri, nawe unatakiwa uwe umeshaegesha.

Siku yenyewe mheshimu kwa desturi za huko. Mtu mzima mwite Baba, au Ntate akiwa msemaji wa Kisotho. Kijana wa rika lako mwite bhuti, na dada mwite sisi. Maneno hayo madogo hufungua mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yatakayokupa nusu ya elimu ya siku hiyo.

Vya kubeba

Darubini ni ya lazima. Waongozaji wengi wanayo ya kumwazima mgeni, lakini uliza mapema. Ukinunua yako, tafuta iliyoandikwa 8x42: nane ni mara inazomkuza ndege, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usivutiwe na zile za kukuza mara ishirini zinazouzwa kando ya barabara. Mkono wa binadamu hutetemeka, na kadiri kioo kinavyokuza ndivyo kinavyokuza na mtetemeko. Kwa ndege wa mbali majini, mwongozaji atakuja na darubini kubwa ya miguu mitatu; mwombe uchungulie humo kila anapoisimamisha, hata kama unadhani ni bata tu.

Kitabu cha kutambulia ndege kitakusaidia zaidi jioni kuliko mchana. Cha Roberts, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1940 na kuendelea kufanyiwa marekebisho hadi leo, kina maelezo mengi. Cha Sasol ni chepesi kubeba. Zaidi ya hapo chukua maji ya kutosha, chakula, kofia, mafuta ya kukinga jua, koti la mvua, na nguo za rangi ya majani makavu au udongo. Nyeupe iache nyumbani. Gauteng haina malaria, kwa hiyo dawa yake huihitaji kwa safari hii, lakini kupe wamo nyasini: vaa suruali ndefu, ingiza ncha zake ndani ya soksi, na ukaguane ngozi jioni.

Asubuhi, kwenye nyasi

Wageni wengi wakifika hukimbilia majini. Mwombe mwongozaji asimame kwanza kwenye nyasi za kando ya njia, jua likiwa bado chini, kwa sababu hapo ndipo utamwona fumbwe mwenye mkia mrefu, ambaye Wazulu humwita isakabuli.

Dume lake ni jeusi tii, na begani lina doa jekundu lenye pindo jeupe. Kiwiliwili ni kidogo, lakini mkia wake hufika nusu mita. Akiruka juu ya nyasi huenda polepole sana, akipiga mabawa kwa nguvu, mkia ukining'inia chini yake kwa upana. Upepo ukivuma au manyoya yakilowa mvua, unamwona kabisa akihangaika kujibeba. Majike ni ya kahawia yenye michirizi, yamejificha kwenye nyasi, na ukimfuata dume kwa darubini utagundua kuwa hazunguki ovyo. Anazunguka juu ya eneo lake, anarudi pale pale, anawaonyesha.

Mtu angeuliza: mzigo wote huo una faida gani? Jibu lilipatikana kwetu. Mwanasayansi wa Uswidi, Malte Andersson, aliwafanyia majaribio fumbwe wa aina hiihii kwenye nyanda za Kinangop nchini Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1982. Aliwakata baadhi ya madume mikia, vipande akawabandika wenzao kwa gundi, na wengine akawakata na kuwarudishia mikia yao wenyewe ili ajue kama kukatwa tu kuna madhara. Kisha akahesabu viota katika maeneo yao. Waliorefushwa mikia ndio waliopata viota vipya vingi zaidi. Jaribio hilo husomeshwa vyuo vikuu ulimwenguni kote hadi leo. Basi umwonapo fumbwe huyu Marievale, mpe dakika kumi. Ifikapo majira ya baridi mkia huo atakuwa ameudondosha na amegeuka kahawia, hata usiweze kumtofautisha na jike kwa urahisi.

Kwenye nyasi hizohizo na kwenye matete yaliyo karibu utawaona kweche wekundu, madume wenye manyoya ya rangi ya moto mgongoni na weusi tumboni, wakijitunisha na kuruka kwa kishindo cha mabawa. Wapo pia vipozamataza, ambao sauti yao hutangulia kuyafikia masikio kabla macho hayajawapata. Hapo ndipo utakapoanza kuona kazi ya mwongozaji. Wewe unasikia kelele moja ya asubuhi. Yeye anasikia ndege saba, na anajua yupi ameketi wapi. Usimkimbize. Akinyamaza na kuinua kidole, nyamaza nawe.

Na hapa kuna fundisho la darubini ambalo watu hujifunza kwa taabu. Ukimwona ndege kwa macho, usishushe macho kuitafuta darubini. Mkazie macho yeye, kisha lete darubini usoni huku ukiendelea kumtazama. Atakuwa humo ndani. Mwongozaji akikuelekeza, mwombe akutajie alama: nguzo ya tatu kutoka kushoto, tete lililovunjika, jiwe jeupe. Kusema "yuleee pale" hakumsaidii mtu.

Kwenye vibanda

Marievale ina vibanda vya mbao vilivyojengwa ukingoni mwa maji, vyenye matundu ya kuchungulia. Ndege wamevizoea, na ukiwa ndani hawakuoni kama mtu. Funga mlango taratibu, keti, zima sauti ya simu, ongea kwa mnong'ono, na usitoe mkono wala kamera nje ya tundu kwa ghafla. Kisha usubiri. Dakika tano za mwanzo bwawa litaonekana tupu, likiwa na kukuziwa weusi wachache wenye paji jeupe. Ikipita robo saa, matete yataanza kutoa wenyewe.

Anayenivutia kuliko wote hapo ni kukuziwa wa zambarau. Ni mnene, rangi yake ni buluu iliyokolea na mgongo wa kijani kibichi, mdomo na paji vyekundu, miguu mirefu ya rangi ya waridi yenye vidole virefu kupita kiasi. Mtazame akila. Huvuta tete kwa mdomo, hulikata, kisha hulishika shina kwa mguu mmoja na kulipandisha mdomoni kama mtoto anayekula muwa, akimenya ganda la nje na kula kiini cha ndani kilicho laini. Ndege wachache sana wa majini hutumia mguu hivyo. Akimaliza, hutembea juu ya majani yaliyolala majini bila kuzama, mkia ukichezacheza na kuonyesha weupe wa chini yake.

Mdiria mdogo wa buluu naye huja karibu. Mara nyingi hutua kwenye tete hatua mbili tatu kutoka kwenye tundu lako, hivyo usihangaike kuangalia mbali tu. Kwenye matope, mwongozaji atakutenganishia vitwitwi, kazi ambayo ukiwa peke yako ingekuchosha: yule wa madoadoa anayetikisa kiwiliwili, yule mdogo kupita wote anayedonoa bila kupumzika, yule mkubwa wa shingo ndefu ambaye huko kaskazini dume lake huota shungi la manyoya shingoni na huku huja amelivua. Utaona domomwiko akifagia maji kwa mdomo wake bapa, kwarara wa rangi ya shaba, kulasitara wa aina kadhaa, na bata ambao majina yao yatakuchanganya hadi mchana. Miaka mingine heroe wakubwa hufika kwa makundi. Hapa zimewahi kuonekana zaidi ya aina 240 za ndege, lakini usije ukafukuzana na idadi hiyo. Mgeni anayeondoka akiwajua ndege ishirini kwa uhakika amepata zaidi ya aliyetiwa alama mia moja kwenye karatasi na mtu mwingine.

Jambo moja la adabu ambalo lazima ulijue. Waongozaji wengine hutumia simu kucheza sauti ya ndege ili ndege huyo ajitokeze kumfukuza mpinzani. Ikifanywa mara moja na kwa muda mfupi, haina ubaya mkubwa. Ikirudiwarudiwa, hasa msimu wa viota, ndege huacha mayai na chakula chake kupigana na adui asiyekuwepo. Wewe ndiye unayelipa, na una haki ya kusema: bhuti, yatosha, tumwache. Vivyo hivyo kwa kiota: kisikaribiwe kwa sababu ya picha.

Maji haya yametoka wapi

Kufikia saa nne au saa tano joto hupanda na ndege hutulia. Ni wakati wa kula na kumuuliza mwongozaji habari za mahali penyewe, maana utakuwa umeona vilima vya rangi ya manjano upeoni, mabaki ya mchanga wa migodi ya dhahabu.

Bwawa unalolitazama kwa kiasi kikubwa ni kazi ya migodi hiyo. Blesbokspruit ulikuwa kijito cha kawaida cha nyanda za juu. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita matuta ya barabara, reli na mabomba ya migodi yalikatisha bonde, maji yakasimama nyuma yake, na maji yaliyopampuliwa kutoka chini ya ardhi yakaongezeka humo pamoja na maji ya miji. Matete yakaota, ndege wakafuata. Mwaka 1986 bonde hili likaingizwa kwenye orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, uleule unaozilinda Ziwa Natron na Ziwa Nakuru. Miaka kumi baadaye, 1996, likawekwa kwenye orodha ya tahadhari ya mkataba huo, kwa sababu ya uchafuzi wa maji yaliyokuwa yakipampuliwa kutoka mgodi wa Grootvlei.

Nakueleza haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kutazama. Matete hunasa sehemu ya uchafu, lakini yana kiasi chake. Hapa si pori lililoachwa na Mungu lilivyo; ni mahali ambapo kila kundi la bata linategemea uamuzi wa watu kuhusu maji. Jina lako kwenye daftari la wageni kama lipo, na malipo ya mwongozaji ni ushahidi kuwa bonde hili lina wenyewe wanaolihitaji. Mimi naona hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda Marievale badala ya bustani ya mjini.

Mchana hadi jioni

Katika msimu wa mvua, mawingu hujikusanya mchana na radi za Gauteng si za kuchezea. Ukisikia ngurumo, toka kwenye nyasi na urudi ndani ya gari lenye paa la bati, si chini ya mti. Mvua yenyewe mara nyingi haikai. Ikishapita, ndege hutoka kwa wingi kukausha manyoya na kula wadudu, na mtu aliyekwisha kuondoka amekosa saa nzuri ya siku. Mwongozaji mwema atakushauri uisubiri.

Muda huo gari lenyewe ndilo kibanda chako. Endesheni polepole kwenye njia za udongo, vioo vikiwa chini, na msimame bila kushuka. Ndege humwogopa mtu wa miguu miwili kuliko gari. Hii pia ni kanuni ya usalama: usitangetange kwa miguu peke yako mbali na wenzako, na usiache simu wala begi likionekana kitini mnapoingia kibandani.

Angalia nyaya za umeme. Kati ya Desemba na Machi huenda ukawakuta wamejipanga kozi wadogo, madume ya kijivu yenye mapaja ya kahawia nyekundu, majike yenye tumbo jeupe la michirizi. Hao ndio kozi wa Amur. Wanazaliana Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mashariki ya China. Wakiondoka huko hupita India, kisha huvuka bahari ya Uarabuni bila pa kutua, huingia Afrika upande wa Somalia na Kenya, na kushuka hadi nyanda hizi kula kumbikumbi na panzi. Mwaka 2012 dunia ilishtuka ilipofahamika kuwa wanategwa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu huko Nagaland, India. Wanakijiji wenyewe, wakishirikiana na wahifadhi, waliacha mtego huo, na mwaka uliofuata ndege wakapita salama. Jioni hukusanyika kulala kwenye mikaratusi mirefu ya miji ya nyanda za juu. Mwongozaji akijua mti wao wa mwaka huo, mwombe mpite hapo mkirudi.

Kabla ya kufungwa lango (muulize mwongozaji asubuhi hufungwa saa ngapi, msije mkafungiwa), zungukeni mara moja zaidi kando ya nyasi fupi. Bundi wa mabwawani hutoka mapema, jua likiwa bado lipo. Ni wa kahawia, macho meusi, na huruka chini chini juu ya nyasi au kukaa juu ya nguzo ya ua. Najua wengi wetu tumelelewa kuambiwa kuwa bundi akilia juu ya paa kuna msiba. Imani hiyo ipo pia Alexandra na Soweto, na imewagharimu bundi wengi maisha yao. Huko kumekuwa na mradi wa kuweka masanduku ya viota vya bundi mashuleni, watoto wakawalea na kuwaachia huru, kwa sababu bundi hula panya na panya ndio mateso ya mitaa hiyo. Mtazame huyu wa Marievale kwa darubini bila haraka. Anatafuta panya na wadudu, hana ujumbe wa mtu.

Ukiwa na nusu siku tu

Wapo watakaopata asubuhi moja pekee, au wenye watoto wasioweza kukaa kimya kibandani. Hao niwaelekeze Bustani ya Mimea ya Kitaifa ya Walter Sisulu, Roodepoort, magharibi ya jiji. Njia zake ni nzuri na watoto wanaweza kukimbia. Kivutio kikubwa ni jozi ya tai weusi ambao kwa miongo mingi, kizazi baada ya kizazi, wametaga kwenye jabali la kando ya maporomoko ya Witpoortjie. Mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita mbili, mgongoni wana alama nyeupe ya herufi V, na chakula chao kikuu ni pimbi.

Nenda kati ya Aprili na Oktoba. Jike hutaga mayai mawili karibu na Aprili au Mei. Kifaranga kinachotangulia kutoka humdonoa mdogo wake hadi akafa, siku chache tu baada ya kuanguliwa, na hili hutokea hata chakula kikiwa tele. Usiwafiche watoto wakiuliza. Waeleze kuwa yai la pili ni akiba, endapo la kwanza litaharibika. Ifikapo Septemba kifaranga kilichobaki husimama ukingoni mwa kiota kikipigapiga mabawa, na ndipo unapofaa kumleta mtu ambaye hajawahi kuvutiwa na ndege. Hapa unaweza kwenda bila mwongozaji.

Kabla hamjaachana

Mmalizie mwongozaji malipo yake, na ukiridhika mwongezee bakshishi. Asilimia kumi hadi kumi na tano ni desturi ya huko. Kisha muulize kama orodha ya siku ameituma. Tangu mwaka 2007 Afrika Kusini inaendesha mradi wa pili wa ramani ya ndege, SABAP2, unaoigawa nchi katika vipande vya kilomita nane kwa tisa hivi. Anayeorodhesha hukaa ndani ya kipande kimoja kwa saa mbili kamili au zaidi, akiandika kila aina kwa mfuatano wa alivyoiona au kuisikia, na kuituma kwa simu kupitia programu ya BirdLasser. Waongozaji wengi hufanya hivyo kila wanapotoka na wageni, na orodha ya siku yako huwa imeingia humo.

Jifunze utaratibu huo ukiwa naye, kwa sababu utaurudia nyumbani. Kenya ilianza ramani yake mwaka 2013 kwa vipande vya ukubwa uleule na kanuni zilezile, na Tanzania ina mradi wake wa ramani ya ndege unaopokea taarifa za wasafiri. Yako maeneo mengi ya Kenya na Tanzania ambayo hayajatumiwa orodha hata moja kwa miaka, si kwa kukosa ndege bali kwa kukosa mtu wa kukaa saa mbili na daftari. Ukirudi kijijini kwa likizo, anza na kipande cha hapo kijijini.